Vibali vya Kufunga Kiyoyozi na Hita ya Maji Nyumbani Mombasa: Mwongozo Kamili

Kaskazi ikiingia, kuanzia Disemba hadi Machi, mafundi wa viyoyozi Mombasa huwa hawashikiki, na wengi wa wanaowatafuta huwa wameshanunua mashine kabla ya kuuliza kama wanaruhusiwa kuifunga mahali wanapopataka. Fundi hutoboa ukuta usio wa mteja wake, jirani huja juu, msimamizi wa jengo huamuru kifaa kishushwe, na gharama ya kazi moja hugeuka kuwa ya kazi mbili. Mwongozo huu umekusudiwa mtu anayetaka kufunga viyoyozi viwili au vitatu katika nyumba ya kuishi, pamoja na hita ya maji ya kuogea, ambayo kwa hali ya hewa yetu ndiyo joto la pekee ambalo nyumba ya Mombasa hulinunua.

Jambo la kufahamu mapema ni kwamba hakuna ofisi moja inayotoa kibali cha kiyoyozi. Yupo mwenye ukuta, ipo serikali ya kaunti, ipo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ambayo wengi tunaijua kama EPRA, ipo kampuni ya Kenya Power, zipo kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na kwa wakazi wa Mji wa Kale yapo Makavazi ya Kitaifa. Watu hukimbilia kaunti kwanza, nami naona huko ni kuanza safari katikati. Mwenye ukuta akikataa, ada utakazokuwa umelipa kwingine zote zimepotea, ilhali kumuuliza yeye hakugharimu ila karatasi moja. Kwa hiyo anza na ukuta, kisha umeme, kisha jirani, halafu ndipo uingie kaunti ukiwa na jalada lililokamilika. Na uanze Agosti au Septemba, kusi ikiwa bado inavuma, kwa sababu ombi la kaunti pekee linaweza kuchukua miezi miwili.

Iandike kazi kabla ya kuiombea ruhusa

Chukua ukurasa mmoja uandike unachotaka kufanya: vyumba vingapi, mashine za ukubwa gani, kifaa cha nje kitakaa wapi, mabomba ya shaba yatapita wapi, maji yatamwagika wapi, na umeme utatoka wapi. Chumba cha kulala cha futi 10 kwa 12 kwa kawaida hutoshwa na kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Sebule ya wastani huhitaji 12,000 au 18,000, kutegemea paa, madirisha na idadi ya watu. Usikubali kuuziwa mashine kubwa kwa hoja kwamba itapoza haraka. Katika mji wenye unyevunyevu kama huu, mashine iliyozidi chumba hupunguza joto na kuzima kabla ya kukausha hewa, ukabaki na chumba cha baridi chenye godoro la majimaji.

Chora pia mchoro wa mkono unaoonyesha ukuta kwa nje, na utie vipimo: tundu la mabomba, ambalo kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 65 hivi, mabano ya chuma ya kubeba kifaa cha nje, na umbali kutoka dirisha la jirani aliye karibu zaidi. Kama hita yako ni ya jua, andika ujazo wa tangi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 300 likijaa linaweka juu ya paa zaidi ya kilo 300 kabla ya kuhesabu chuma chake. Paa la makuti au la mabati lililoinuliwa kwa boriti za mikoko halikujengwa kwa mzigo huo. Ukurasa huu utautumia kwa mwenye nyumba, kwa jirani, kwa fundi wa umeme na kwa afisa wa kaunti, na faida yake kubwa ni kwamba wote watakuwa wamekubali kitu kimoja.

Ukuta ni wa nani?

Ikiwa nyumba na kiwanja ni vyako na hati miliki iko kwa jina lako, sehemu hii ni fupi: toa nakala ya hati, pata matokeo ya upekuzi rasmi kutoka masjala ya ardhi kuthibitisha kwamba hakuna zuio lililosajiliwa, na uhakikishe hudaiwi kodi ya ardhi na kaunti. Nyumba ikiwa imewekwa rehani benki, soma mkataba wa mkopo kabla ya kufanya badiliko lolote la kimuundo, kwa kuwa mikopo mingi ya nyumba humtaka mkopaji aiarifu benki.

Mpangaji anahitaji ruhusa ya maandishi. Ruhusa ya mdomo, hata ikitolewa kwa moyo mweupe juu ya kikombe cha kahawa, haitakufaa siku mwenye nyumba atakapofariki au atakapouza, au siku ya kuhama ambapo mtaanza kuvutana juu ya amana na juu ya nani mwenye mashine. Barua inaweza kuwa hivi:

*Kwa Bw./Bi. ........, mmiliki wa nyumba nambari ........, mtaa wa ........*

*MINTARAFU: RUHUSA YA KUFUNGA KIYOYOZI*

*Mimi, mpangaji wako katika nyumba iliyotajwa hapo juu, naomba ruhusa ya kufunga kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 katika chumba cha kulala cha mbele. Kazi hiyo itahitaji tundu moja la milimita 65 na mabano mawili ya chuma katika ukuta wa upande wa uani, kama mchoro ulioambatanishwa unavyoonyesha. Maji ya kiyoyozi yataelekezwa kwenye mtaro ulio ndani ya uwanja. Nyaya zitafungwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, ambaye nakala ya leseni yake imeambatanishwa. Gharama zote ni juu yangu. Nitakapohama nitaondoka na kiyoyozi changu, na ukuta nitauziba na kuupaka rangi kama nilivyoukuta. Ukiridhia, tafadhali tia sahihi na tarehe katika nakala zote mbili, moja ibaki kwako na moja kwangu.*

Sentensi ya kuhama usiiache kamwe, kwani kitu kilichokazwa ukutani huwa rahisi kudaiwa kuwa sehemu ya nyumba.

Wakazi wa fleti, ambao wameongezeka sana Nyali, Kizingo, Tudor na Bamburi, wana suala jingine. Chini ya Sheria ya Mali ya Vitengo ya 2020, mwenye fleti anamiliki kitengo chake, lakini sehemu za pamoja zinasimamiwa na shirika la wamiliki wa jengo, na kwa kawaida ukuta wa nje, paa na ngazi zimo katika hizo sehemu za pamoja. Maana yake ni kwamba hata ukiwa umelinunua fleti kwa fedha taslimu, upande wa nje wa ukuta wako huenda si wako peke yako. Omba nakala ya kanuni za jengo na mpango wa vitengo, kisha peleka ombi lako kwa kamati ya shirika na udai jibu lililoandikwa katika kumbukumbu za kikao. Majengo mengi mapya yameshatengewa mahali pa vifaa vya nje pamoja na bomba la pamoja la maji. Ukipewa mahali hapo pakubali, hata kama bomba la shaba litarefuka kwa mita chache.

Halafu kuna hali ambayo wageni wa mji huu huiona ngeni sana, nayo ni nyumba bila ardhi. Majengo, Mwembe Tayari na mitaa mingine mingi ya kisiwani na ng'ambo, mtu humiliki nyumba aliyoijenga juu ya ardhi ya mtu mwingine, akimlipa mwenye ardhi huyo kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Hapa huwa kuna wenye ukuta wawili. Kwa kazi ndogo ya kutoboa tundu moja, mwenye nyumba kwa kawaida huamua mwenyewe. Kwa kazi itakayohitaji ombi la kaunti, jina lililo katika hati miliki ni la mwenye ardhi, na bila idhini yake ombi litarudishwa. Mwendee mapema ukiwa na risiti zako za kodi ya ardhi, kwa kuwa ukiwa na deni la miezi, mazungumzo yatakuwa ya deni wala si ya kiyoyozi. Nyumba ikiwa ni ya wakfu, anayetakiwa kuidhinisha ni mdhamini wa wakfu huo, na ukuta wa wakfu usiuguse kwa ruhusa ya mpangaji mwenzako tu, hata akiwa amekaa humo miaka 40.

Ukiishi Mji wa Kale

Mitaa ya Ndia Kuu, Kibokoni na Mlango wa Papa imo katika eneo la uhifadhi, na Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Kwa hiyo mabadiliko ya sura ya nyumba hapa yanaangaliwa kwa jicho kali kuliko mahali pengine popote mjini. Sheria inayohusika ni Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006, na ofisi ya kuiendea ni ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi. Nenda huko kabla ya kwenda kaunti, kwa sababu kaunti itataka kujua maoni yao.

Chukua picha za nyumba pande zote zinazoonekana kutoka barabarani, na katika ombi lako onyesha kwamba kifaa cha nje hakitaonekana upande wa mbele. Sehemu zinazokubalika kwa urahisi ni uani, kwenye kiwambaza cha ndani kinachoangalia ua, au juu ya dari iliyo tambarare nyuma ya ukingo. Kuning'iniza kifaa chini ya roshani ya mbao iliyochongwa ni kujitafutia kukataliwa, na kwa maoni yangu ni haki kukataliwa.

Kuna sababu ya kiufundi pia, mbali na ya uzuri. Kuta za nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, nene na zenye vinyweleo, na zinapumua unyevu. Mashine ya kutobolea kwa kugonga inaweza kulegeza mawe yaliyo ndani ya ukuta huku plasta ya nje ikibaki nzima, na misumari ya kutanua iliyotengenezwa kwa ajili ya zege haipati mahali pa kushika. Maji ya kiyoyozi yakichuruzika juu ya chokaa mwaka mzima huila. Andika katika ombi kwamba tundu litatobolewa kwa keketo ya kuzunguka bila kugonga, kwamba litazibwa kwa chokaa wala si saruji, na kwamba kifaa kitakaa chini au juu ya fremu inayosimama yenyewe. Afisa wa uhifadhi akiona hayo yameandikwa atajua kwamba unajua unachokigusa.

Umeme

Hapa ndipo palipo na hatari ya kuua, na kwa bahati mbaya ndipo watu wanapobana matumizi. Fundi hodari wa gesi na kompresa si lazima awe fundi wa umeme. Nchini Kenya kazi ya nyaya za majengo hufanywa na fundi au mkandarasi aliyepewa leseni na EPRA chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Leseni hizo zina madaraja, kuanzia C-2 hadi A-1, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Omba kuona leseni yenyewe, soma daraja na tarehe ya mwisho wake, kisha ulinganishe jina na orodha ambayo EPRA huiweka wazi katika tovuti yake. Mtu atakayekwambia kwamba leseni iko kwa bosi wake na bosi wake hatakuja, huyo si fundi mwenye leseni.

Fanya hesabu pamoja naye. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 240. Kiyoyozi cha BTU 12,000 chenye inveta hula takribani kilowati 1.1, yaani ampia 4 na nusu hivi. Kinachotisha ni hita ya kuogea ya papo kwa papo, ile inayofungwa juu ya bomba la mvua: nyingi ni za kilowati 5.5, ambazo ni karibu ampia 23 kwa pigo moja. Viyoyozi viwili na hita hiyo moja vikiwaka pamoja vinavuta ampia 32, hujahesabu pasi, friji, pampu ya maji ya kisima wala jiko. Nyumba nyingi za zamani zilitiwa nyaya wakati ambapo mzigo mkubwa ulikuwa pasi na redio.

Kwa hiyo kila kiyoyozi kipewe waya wake na swichi yake ya kujikata kutoka kwenye bodi, na hita ipewe waya mnene zaidi peke yake, pamoja na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Waya wa ardhini upimwe, usidhaniwe tu kuwa upo. Mombasa jambo hili lina uzito wa pekee, kwani nyumba nyingi hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi na kula elementi ya hita kwa muda mfupi. Ziko hita zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, na maandishi hayo huwa kwenye kasha. Ukitumia kisima, usinunue nyingine.

Mzigo ukizidi uwezo wa laini yako, peleka Kenya Power ombi la kuongezewa mzigo, au la kuhamishwa kutoka fezi moja hadi fezi tatu. Utahitaji nambari ya akaunti au ya mita, kitambulisho, PIN ya KRA, na cheti cha kukamilisha kazi ya nyaya kilichotiwa sahihi na fundi mwenye leseni. Nyumba ikiwa ya kupanga, akaunti huwa mara nyingi kwa jina la mwenye nyumba, kwa hiyo sahihi yake itahitajika tena. Kamwe usiruhusu mtu afungue au aguse mita au kukata lakiri yake ili kupitisha waya mnene. Hilo ni kosa la jinai, hata kama hukukusudia kuiba umeme.

Tukiwa hapo hapo, bei ya umeme wa nyumbani hupangwa kwa matumizi ya mwezi: anayetumia hadi uniti 30, anayetumia kati ya 31 na 100, na anayezidi 100. Kiyoyozi kinachowaka kila usiku kitakupeleka katika kundi la tatu bila shaka, basi lipangie hilo kabla ya kununua.

Jirani, kelele na maji

Kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele na mtetemo zimeweka viwango. Katika eneo la makazi, nje ya nyumba, kelele isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo huanza saa 2:01 za jioni hadi saa 12:00 asubuhi. Palipo na sehemu za ibada kiwango cha mchana ni 40, jambo la kuzingatia mji huu ambao karibu kila kichochoro kina msikiti wake.

Linganisha sasa na mashine yako. Kifaa cha nje cha kiyoyozi cha nyumbani mara nyingi hutoa desibeli kati ya 46 na 52 ukisimama mita moja mbele yake, na namba hiyo imeandikwa katika kijitabu chake. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takribani desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu: desibeli 50 kwenye mita moja huwa 44 kwenye mita mbili, 38 kwenye mita nne, na 32 kwenye mita nane. Katika kichochoro chembamba chenye kuta ndefu hesabu hii haishiki, kwa sababu sauti inagonga na kurudi. Jawabu si kumwomba jirani avumilie. Chagua mashine yenye sauti ndogo, ielekeze uani au juu ya dari, na uweke vibao vya mpira chini ya miguu yake ili mtetemo usiingie ukutani. Kazi yenyewe ya kutoboa ifanyike mchana, kwa kuwa kiwango cha kelele za ujenzi katika makazi ni desibeli 60 hadi saa 12 jioni na 35 baada ya hapo.

Maji nayo yana sheria yake. Kwa unyevu wa pwani kiyoyozi kimoja hutoa lita kadhaa kwa siku, na maji hayo yakimdondokea mpita njia, yakituama mlangoni mwa jirani au yakizalisha mbu, yanaingia katika kero ambazo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inazikataza. Afisa wa afya wa kaunti anaweza kukuandikia ilani kwa ajili ya bomba la plastiki la shilingi mia chache. Yapeleke maji hayo kwenye mtaro wako, au kwenye ndoo ya kumwagilia maua na kuoshea sakafu.

Mwonyeshe jirani ule mchoro wako na umwombe atie sahihi kwamba ameuona. Sheria haikulazimishi kwa kazi ndogo, lakini sahihi hiyo huzima malalamiko mengi kabla hayajafika kwa mzee wa mtaa au kwa chifu.

Kaunti

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza mtu kufanya uendelezaji wowote katika kaunti bila ruhusa ya kaunti, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Neno uendelezaji limeelezwa kwa upana: ni kufanya kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi au kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya jengo.

Je, tundu moja la milimita 65 ni uendelezaji? Ushauri wangu ni kutolijibu swali hilo mwenyewe, wala kumwachia fundi alijibu. Andikia idara ya mipango ya kaunti barua fupi, ambatanisha ule ukurasa na mchoro, na uombe wakuandikie kama kazi hiyo inahitaji ruhusa au la. Hakikisha nakala yako imepigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Askari wa kaunti akisimama mlangoni, mhuri huo una thamani kuliko maelezo yoyote.

Kazi zifuatazo, kwa upande mwingine, zichukulie tangu mwanzo kwamba zinahitaji ombi kamili: kuweka tangi kubwa la maji ya moto juu ya paa, kusimamisha fremu ya chuma juu ya dari, kuvunja ukuta au kuziba dirisha, kugeuza roshani kuwa chumba, na kufunga mfumo mmoja mkubwa wa kupoza jengo zima. Michoro yake ichorwe na msanifu aliyesajiliwa na BORAQS, bodi ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji, na palipo na uzito, hesabu zifanywe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Watakaozikagua hufuata pia Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 zikichukua nafasi ya zile za 1968. Kwa hiyo mchoro wa zamani ulioazimwa kwa mjomba usiutumie. Mkandarasi wa kazi kama hiyo awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na mradi wenyewe usajiliwe huko baada ya kupata ruhusa ya kaunti.

Jalada la ombi huwa na nakala ya hati miliki na upekuzi, uthibitisho kwamba kaunti haidai kodi ya ardhi, kitambulisho, PIN ya KRA, idhini za wenye ukuta, michoro, na maoni ya ofisi ya uhifadhi kama uko Mji wa Kale. Ada hutokana na Sheria ya Fedha ya kaunti na hubadilika, basi omba jedwali la mwaka huu na usitegemee bei aliyolipa rafiki yako mwaka juzi. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti pekee, inayotoa risiti yenye nambari. Ukiombwa chai ili faili isogee, nambari ya bure ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ni 1551.

Ukiwasilisha ombi lililokamilika, hesabu siku 60. Sheria inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda huo, ruhusa itachukuliwa kuwa imetolewa. Usiitumie nafasi hiyo kimyakimya: siku ya 61 andika barua ya kuikumbusha kaunti kwamba muda umepita, utaje tarehe ya mhuri wa kupokelewa, na uiweke nakala katika jalada.

Mashine yenyewe na siku ya kukabidhiwa

Kabla ya kulipa dukani, tafuta lebo ya nyota ya EPRA, inayoonyesha jinsi kiyoyozi kinavyotumia umeme. Nyota nyingi ni matumizi madogo. Tafuta pia alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, na uihakiki kwa kutuma ujumbe kwa nambari 20023. Soma aina ya gesi. R-22 iko njiani kuondolewa duniani kote chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, basi mashine ya mtumba yenye gesi hiyo ni rahisi leo na mzigo kesho. R-32 ni bora zaidi lakini inaweza kushika moto kwa kiasi, hivyo fundi awe na vifaa vyake, na afyonze hewa mabombani kwa pampu kabla ya kuachia gesi. Mabano ya nje yawe ya chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya bahari inalifikia hata Changamwe na Jomvu, na mabano ya bei rahisi yanaweza kukatika yakiwa yamebeba kilo 30 juu ya vichwa vya watu.

Usilipe fedha ya mwisho mpaka fundi wa umeme akukabidhi cheti chake, fundi wa kiyoyozi akuonyeshe maji yakitoka mahali palipochorwa, na wewe mwenyewe usimame usiku chini ya dirisha la jirani mashine ikiwa inawaka.

Ukikataliwa

Chini ya Sheria ya Haki ya Utendaji wa Kiutawala ya 2015 una haki ya kupewa sababu kwa maandishi, kwa hiyo zidai. Mara nyingi sababu ni ndogo: sahihi ya mwenye ardhi haipo, mchoro hauna muhuri wa msanifu, kifaa kinaonekana barabarani. Rekebisha na uwasilishe upya. Ikiwa unaamini uamuzi wenyewe una kasoro, rufaa hupelekwa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi kutolewa, na ukiwa bado hukuridhika, kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo 14 ni chache, na huanza kuhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, si siku uliyoufungua bahasha. Kwa hiyo barua ya kaunti ifungue siku hiyo hiyo inapofika.